Kushindwa Kuingia Katika Seva: Uchunguzi wa Milango Miwili

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Huhifadhi mafaili ya watu wengi, huchapisha hati zao, hupokea na kupeleka barua zao. Tofauti na kompyuta ya mezani, seva aghalabu haina mtu aliyeketi mbele yake. Yaweza kukaa miezi mingi katika chumba kilichofungwa, na msimamizi wake akaifikia kwa njia ya mtandao tu, pengine kutoka mji mwingine. Hata hivyo seva kwa kawaida ina milango miwili. Wa kwanza ni konsoli, yaani kibodi na skrini vilivyounganishwa na mashine yenyewe kwa waya. Wa pili ni mlango wa mbali, unaopita katika mtandao.

Hutokea siku mlango ukakataa. Chukuliwe mfano wa shule ya sekondari ambayo alama za wanafunzi wake wote zimo ndani ya seva. Taarifa za wazazi zinatakiwa kesho asubuhi, na kila mwalimu aandikapo jina lake na neno lake la siri hurudishwa nje. Jambo la kwanza ambalo watu wengi hufanya ni kujaribu tena, mara tatu, mara nne, huku wakibonyeza vitufe kwa nguvu zaidi. La pili ni kuizima mashine na kuiwasha upya. Yote mawili yaweza kuongeza hasara, kama itakavyoonekana. Lipo jambo la tatu, nalo ni kuuliza maswali kwa utaratibu uleule unaotumiwa katika maabara ya fizikia au ya kemia: kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, na kulinganisha matokeo.

Safari ya neno la siri

Ili kupatambua mahali palipokatika, hapana budi kuijua njia yenyewe. Mfano utakaotumiwa hapa ni Linux, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Mifumo mingine, kama ile ya Windows, ina majina tofauti, lakini mpangilio wake unafanana.

Katika konsoli, programu ndogo iitwayo getty husubiri na kuandika neno "login:" katika skrini. Mtumiaji akiisha kuandika jina lake, getty huikabidhi kazi programu nyingine iitwayo login, ambayo huuliza neno la siri. Mlango wa mbali una mlinzi wake peke yake, programu ya sshd, ambayo kwa kawaida husikiliza katika poti namba 22. Poti hapa si tundu la kuchomekea waya. Ni namba inayoandikwa juu ya kila ujumbe wa mtandao ili mashine inayoupokea ijue ni programu gani inayotafutwa, kama namba ya chumba iandikwavyo juu ya barua iliyopelekwa kwenye jengo lenye ofisi nyingi. Itifaki ya SSH ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. Kabla ya hapo, neno la siri lilisafiri katika waya wazi wazi, na yeyote aliyeutega waya aliweza kulisoma.

Walinzi hawa wawili, login na sshd, hukutana mbele ya hakimu mmoja aitwaye PAM. Hakimu huyu huuliza maswali matatu makubwa. Je, mtu huyu ndiye kweli anayesema kwamba ndiye? Je, akaunti yake inaruhusiwa kuingia leo, saa hii, kwa njia hii? Je, kikao chake chaweza kuandaliwa, yaani folda yake ipo na programu ya kupokea amri zake ipo? Yafaa msomaji ayashike maswali hayo, kwa maana watu wengi hudhani kuna swali la kwanza tu. Mtumiaji aweza kuandika neno sahihi kabisa na bado akakataliwa katika swali la pili au la tatu.

Kwa akaunti za mashine yenyewe, majibu ya swali la kwanza hupatikana katika faili liitwalo /etc/shadow. Faili hili halina neno la siri la mtu yeyote. Sababu yake ina historia. Katika miaka ya 1960, Fernando Corbató na wenzake wa Chuo cha MIT, Marekani, waliendesha CTSS, mojawapo ya mifumo ya mwanzo kabisa iliyoruhusu watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Maneno ya siri yaliwekwa katika faili jinsi yalivyo. Siku moja wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja, mmoja akiandika tangazo la siku, mwingine akirekebisha orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuhariri ilitumia jina moja la faili la muda kwa wote wawili, na mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia katika mfumo siku hiyo alikaribishwa kwa orodha ya maneno ya siri ya watumiaji wote.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza njia iliyotumiwa katika Unix kuepuka balaa hilo. Neno la siri hupitishwa katika hesabu inayokwenda upande mmoja tu: ni rahisi kulipata jibu kutoka kwa neno, lakini hakuna njia ya kurudi kutoka kwa jibu hadi neno, isipokuwa kukisia. Kabla ya hesabu hiyo huongezwa tarakimu chache za kubahatisha, zilizopewa jina la chumvi, ili watu wawili waliochagua neno moja wasipate jibu moja. Chumvi ya wakati huo ilikuwa na biti 12, yaani namna 4,096. Mifumo ya leo hutumia chumvi ndefu zaidi na hesabu nzito zaidi, lakini wazo ni lile lile. Kwa hiyo mwalimu aliyesahau neno lake asimwombe msimamizi amsomee. Msimamizi hawezi kulisoma. Aweza kuweka jipya tu.

Njia mbili, watu wawili

Sasa uchunguzi wenyewe. Kanuni yake ni moja: sehemu ya njia inayotumiwa na milango yote miwili ni tofauti na sehemu inayotumiwa na mmoja tu. Ikiwa konsoli inakubali na mlango wa mbali unakataa, hitilafu imo katika mtandao, katika sshd, au katika sheria zinazohusu njia ya mbali. Ikiwa mlango wa mbali unakubali na konsoli inakataa, hitilafu imo kwenye kibodi, getty au sheria za konsoli. Ikiwa yote miwili inakataa, shaka kubwa huangukia sehemu ya pamoja: akaunti, hakimu PAM, diski au saa.

Jaribio hilo huwa na nguvu mara mbili likifanywa na watu wawili. Akaunti ya kwanza iwe ile inayolalamikiwa. Ya pili iwe ya mtu mwingine, na hasa akaunti iliyomo ndani ya seva yenyewe, isiyotegemea mashine nyingine. Majaribio manne tu, kila mtu kwa kila mlango, hupunguza eneo la kutafuta kuliko saa nzima ya kubahatisha. Katika somo la sayansi akaunti hii ya pili ingeitwa jaribio linganishi.

Upo ushahidi mwingine ambao haumo katika skrini ya anayekataliwa. Skrini husema kwa ufupi kwamba ameshindwa, nayo hufanya hivyo kwa makusudi, ili mgeni mwenye nia mbaya asijue kama amekosea jina au neno. Ukweli huandikwa ndani, katika daftari la matukio: /var/log/auth.log kwa mifumo ya ukoo wa Debian, /var/log/secure kwa ile ya ukoo wa Red Hat. Humo mtu asiyejulikana hutofautishwa na mtu anayejulikana aliyekosea neno. Msimamizi anayeanza kurekebisha kabla ya kulisoma daftari hilo ni kama mganga anayetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Mlango wa mbali ukigoma peke yake

Hapa namna ya kukataliwa ni habari tosha. Mtu akisubiri muda mrefu kisha akaona maneno "Connection timed out", maana yake hakuna aliyejibu: huenda seva imezimwa, waya umechomoka, au kizuizi cha mtandao kinaumeza ujumbe kimya kimya. Akiona mara moja "Connection refused", basi ipo mashine iliyojibu na kukataa. Aghalabu programu ya sshd haiendeshwi, au kizuizi kimeagizwa kukataa waziwazi. Akiona "Permission denied", mtandao ni mzima na mlinzi yupo kazini. Hitilafu imekwisha kusogea hadi kwa hakimu, na kuhangaika na nyaya ni kupoteza muda.

Wengi hutumia ufunguo wa kidijitali badala ya neno la siri. Mlinzi sshd huukataa ufunguo sahihi ikiwa folda ya mtumiaji, au faili lenye orodha ya funguo zake, linaweza kuandikwa na watu wengine. Anayeweza kuandika humo angeweza kujiongezea ufunguo wake mwenyewe, kwa hiyo ukali huo una haki. Lakini hutesa watu: mtu hurekebisha ruhusa za folda yake ili mwenzake aweke faili humo, na kesho yake ufunguo wake haufungui. Hali kadhalika akaunti kuu, iitwayo root, huweza kuingia kwa konsoli na ikakataliwa kwa neno la siri kutoka mbali. Tangu toleo la 7.0 la OpenSSH, mwaka 2015, huo ndio utaratibu wa kawaida. Hapo hakuna kilichoharibika.

Shule zina tatizo moja ambalo ofisi ndogo hazilioni sana. Kompyuta 40 za maabara aghalabu hutoka nje kwa anwani moja tu ya intaneti, kwa kuwa kifaa cha kuunganisha huzificha nyuma yake. Ikiwa seva iko nje ya shule, na ina programu ya ulinzi kama Fail2ban, programu hiyo huhesabu makosa kwa anwani, wala haimjui mtu. Isipobadilishwa, huifungia anwani kwa dakika 10 baada ya makosa 5 yaliyotokea ndani ya dakika 10. Mwanafunzi mmoja anayekisia neno la mwenzake hulifungia darasa zima nje. Akiwapo mtu katika konsoli ataona kila kitu ni chema. Mwalimu anayeagiza wote wajaribu tena pindi kifungo kinapokwisha, huku wengine wakiwa na maneno wasiyoyakumbuka vizuri, huweza kukirudisha kifungo kile kile.

Jambo linalofanana na hilo laweza kuwapata watu binafsi. Moduli ya PAM iitwayo faillock, ikiwashwa bila kubadilishwa, huifunga akaunti kwa sekunde 600 baada ya makosa matatu. Ndiyo sababu kujaribu ovyo ni hatari: hitilafu ya kwanza huwa imefunikwa na ya pili, na anayechunguza hufuata nyayo zake mwenyewe.

Konsoli ikigoma peke yake

Ni tukio la nadra zaidi, lakini lina mfano mmoja unaofaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu huwaduwaza hata wazoefu. Katika kibodi za mpangilio wa Marekani, alama ya @ iko juu ya namba 2. Katika zile za Uingereza, juu ya 2 pana alama ya kunukuu, na @ iko karibu na kitufe cha Enter. Afrika Mashariki ina kibodi za namna zote mbili. Kibodi yenyewe haipeleki herufi. Hupeleka namba ya kitufe kilichobonyezwa, na mfumo ndio unaoamua ni herufi gani. Mtu aliyeketi mbali hutafsiriwa vitufe vyake na kompyuta yake mwenyewe, lakini aliye mbele ya konsoli hutafsiriwa na seva. Neno la siri lenye @ litapita kutoka mbali na kukataliwa papo hapo mbele ya mashine, ijapokuwa vidole vimefuata maandishi ya vitufe kwa uaminifu.

Kwa kuwa neno la siri halionekani likiandikwa, kosa hilo halijitokezi. Dawa ni kuandika zile alama chache zinazotiliwa shaka mahali pa jina la mtumiaji, ambapo herufi huonekana, kisha kuzifuta kabla ya kubonyeza Enter. Neno zima lisiandikwe hapo, wala Enter isibonyezwe, kwani jina lililokataliwa laweza kuhifadhiwa katika kumbukumbu za seva na likasomwa na wengine. Kitufe cha herufi kubwa nacho kitazamwe; aibu ya kukisahau imewapata wengi.

Milango yote ikigoma

Sababu nyingine ni nyepesi. Likiwapo faili liitwalo /etc/nologin, watumiaji wote isipokuwa root hukataliwa. Msimamizi huliweka wakati wa matengenezo, na mara nyingine husahau kuliondoa. Akaunti yaweza kuwa imefikia tarehe yake ya mwisho. Diski yaweza kujaa, na kikao kinachohitaji kuandika faili dogo cha mtumiaji kikashindwa kuanza. Waliobuni mifumo ya mafaili ya ukoo wa ext walilifikiria jambo hilo: kwa kawaida asilimia 5 ya nafasi hutengwa kwa ajili ya root, ili msimamizi apate mahali pa kusimama wakati watumiaji wamekwisha kuijaza diski.

Sababu inayostahili kutazamwa zaidi ni saa. Kila kompyuta ina saa ndogo inayoendelea kwenda hata umeme ukikatika, kwa nguvu ya betri ya duara, aghalabu ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Betri hiyo ikiisha, na umeme ukakatika usiku, mashine yaweza kuamka ikiamini kwamba ni mwaka 2010. Akaunti za walimu katika shule ya mfano hazimo ndani ya seva ya alama. Huthibitishwa na seva nyingine kwa itifaki ya Kerberos, iliyozaliwa MIT katika mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983, na ambayo hutumiwa pia na mitandao ya Windows tangu Windows 2000. Kerberos hutoa tiketi zenye muhuri wa wakati. Ili mwizi aliyenasa tiketi katika waya asiitumie baadaye, tofauti ya saa kati ya mashine mbili hairuhusiwi kuzidi dakika 5, isipokuwa msimamizi ameagiza vingine.

Basi majaribio manne yangetoa picha hii. Mwalimu anakataliwa kwa mbali. Mwalimu huyo huyo anakataliwa kwa konsoli. Msimamizi, ambaye akaunti yake imo ndani ya seva, anakubaliwa kwa milango yote. Mtandao, kibodi, getty na sshd vimekwisha kutolewa katika shaka bila kuguswa hata kimoja. Kinachobaki ni kile kinachowatofautisha watu hao wawili, yaani mawasiliano na seva ya uthibitisho. Msimamizi anaandika amri moja, date, na jibu liko mbele ya macho yake. Angeanza kwa kubadili maneno ya siri ya walimu 30, angemaliza jioni bila kumfungulia hata mmoja. Angeizima na kuiwasha upya kwa kuchomoa waya, saa ingerudi pale pale.

Pengine msomaji atauliza kwa nini seva haikujirekebisha yenyewe kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao iliyoasisiwa na David Mills. Programu ya ntpd, isipoelekezwa vingine, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000 hujizima badala ya kuruka, kwa kudhani kwamba huenda yeye ndiye anayedanganywa. Ni busara, lakini humwachia binadamu kazi.

Mlango usiopita njia ile ile

Tarehe 4 Oktoba 2021, kama saa 12.40 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kwa maelezo yaliyotolewa na kampuni yenyewe, amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa mtandao wake mkuu ilivikata viungo vyote vya mtandao huo, na programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kosa. Seva za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo, ziliacha kutangaza njia zao katika intaneti. Wahandisi wakakuta kwamba mlango wa mbali wa kawaida haufunguki, mlango wa mbali wa akiba nao haufunguki, na vyombo vingi vya uchunguzi vilitegemea majina yale yale yaliyopotea. Ilibidi watu wapelekwe hadi mbele ya mashine. Hata hapo walikawia, kwa kuwa majengo na mashine zilikuwa zimelindwa kwa makusudi dhidi ya mtu anayeingia na kuanza kubadili mambo.

Shule haina vituo vya ukubwa huo, lakini swali lake ni moja: ufunguo wa chumba cha seva uko kwa nani, na kibodi ya konsoli iko wapi? Aliye mbele ya mashine aweza pia kuiwasha kwa namna ya uokoaji na kubadili neno la root, isipokuwa diski imefungwa kwa usimbaji. Kwa hiyo ufunguo huo haufai kutundikwa ukutani, wala haufai kukaa na mtu mmoja aliye likizoni. Na anayebadili sheria za sshd kutoka mbali asikifunge kikao alichomo. Aikague kwanza sheria mpya kwa amri ya sshd -t, aianzishe upya programu, kisha afungue kikao cha pili kwa kujaribu. Kikao cha kwanza hakikatwi kwa kuanzisha upya sshd; kikao cha pili kikikataliwa, cha kwanza bado kimo ndani.

Maswali ya mazoezi

1. Mwanafunzi anaona "Connection refused" akiwa darasani, lakini mwalimu aliye nyumbani anaingia katika seva hiyo hiyo kwa mbali bila shida. Taja sababu mbili zinazowezekana, na jaribio moja la kuzitenganisha.

2. Neno la siri la mtu ni herufi sita ndogo za alfabeti ya herufi 26. Kuna maneno mangapi ya namna hiyo? Ikiwa seva huruhusu makosa 3 kila sekunde 600, ingechukua miaka mingapi kuyajaribu yote kupitia mlangoni? Kwa nini hesabu hiyo haimhusu mwizi aliyeiba faili la /etc/shadow?

3. Tarehe ya mwisho ya akaunti huandikwa katika /etc/shadow kama idadi ya siku tangu tarehe 1 Januari 1970. Akaunti moja ina namba 20454. Tafuta tarehe yake, ukikumbuka miaka mirefu. Kisha eleza: seva ikiamka ikiamini kwamba ni mwaka 2010, mtu aliyefungiwa kwa tarehe hiyo atakutana na mlango wa namna gani?